Tani 27 kutoka Shimba

Milima ya Shimba imekaa juu ya mji wa Kwale, kilomita kama 30 kusini-magharibi mwa Mombasa. Pepo za bahari zikiifikia hupanda na kushusha ukungu, kwa hiyo msitu wake hubaki mbichi hata mashamba ya chini yanapokauka. Serikali ya Kenya iliifanya hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mpaka leo ndipo mahali pekee nchini humo ambapo palahala bado wanaonekana porini. Miaka michache baada ya tangazo hilo, katika muongo wa 1970, ilitoka ndani ya hifadhi hiyo shehena ya kilo 27,215 za mti mmoja mdogo ambao wataalamu wa mimea wanauita Maytenus buchananii. Aliyeihitaji ni Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani.

Kisa cha shehena hiyo kimetawanyika. Kipande kimoja kimo katika majarida ya kemia, kingine katika ripoti za uhifadhi wa misitu, kingine katika maandishi ya madaktari wa saratani ya matiti, na ni nadra kuona vipande hivyo vikiwekwa pamoja. Vinastahili kuwekwa pamoja. Kiini kilichotafutwa ndani ya mti ule kilitumika kama sumu ya kuulia saratani, kikashindwa, kikawekwa kando kwa muda mrefu, kisha kikarudi na kuonyesha uwezo ambao hakuna aliyeutarajia: kuziamsha seli za kinga za mgonjwa ziupige vita uvimbe wake mwenyewe.

Mwanzo wake haukuwa Kwale bali Ethiopia. Mwaka 1960 Taasisi ya Saratani iliingia ubia na Wizara ya Kilimo ya Marekani kukusanya mimea kutoka pande zote za dunia na kuipima kama ina uwezo wa kuua seli za saratani. Kazi ilidumu zaidi ya miaka 20, na spishi zipatazo 35,000 zilipita katika maabara. Wakusanyaji hawakufuata waganga wa kienyeji hata kidogo. Walichukua kila walichokikuta, gome, mizizi, majani, matunda, wakakausha na kusafirisha. Mti wa Marekani uliotoa Taxol, dawa ya saratani, ulipatikana katika kazi hiyo hiyo. Mapema katika miaka ya 1960 uliokotwa Ethiopia mti wa jamii ya Maytenus, wakati ule ukiitwa Maytenus ovatus, na maji yaliyokamuliwa humo yakaonyesha nguvu kubwa dhidi ya seli za saratani zilizooteshwa katika vyombo vya maabara.

Sampuli ilifika kwa Morris Kupchan, mkemia aliyefanya kazi kwanza Wisconsin na baadaye Chuo Kikuu cha Virginia. Kupchan alikuwa na subira ya aina ambayo sayansi ya mimea inaidai. Alichuja, akagawa, akapima, akachuja tena, akifuata kila mara lile fungu lililobaki na nguvu ya kuua seli. Tatizo lilikuwa uchache. Kila kilo moja ya mti mkavu ilikuwa na miligramu 0.2 tu za kile alichokitafuta, yaani tani nzima ya mti isingetoa hata robo ya gramu. Hata hivyo mwaka 1972 alitangaza umbo lake kamili: molekuli kubwa ya mduara, isiyofanana na kitu chochote kilichokuwa kimewahi kupatikana katika mmea wa maua. Akaiita maitansini.

Miaka mitatu baadaye, yeye na wenzake walieleza katika jarida la Science jinsi inavyofanya kazi. Waliijaribu katika mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba anayewachoma nyayo waogeleaji, kwa kuwa mayai hayo yakisharutubishwa hugawanyika haraka na kwa pamoja, na ni rahisi kuyaona katika darubini. Mayai yaliyotiwa maitansini yalishindwa kugawanyika. Sababu yake iko hivi. Ndani ya kila seli mna nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, zinaitwa mikrotubuli, na kazi yake ni kama ya boriti na mapau katika nyumba ya udongo: zinashikilia umbo la seli, na wakati wa kugawanyika zinavuta kromosomu kila fungu upande wake. Nyuzi hizo hujengwa na kubomolewa mfululizo. Maitansini hushika matofali yake, protini iitwayo tubulini, na kuzuia ujenzi. Zilizopo zinaporomoka, na mpya hazisimami.

Dawa ya namna hiyo ilitakiwa haraka, na kwa wingi. Mti wa Ethiopia ulikuwa na maitansini kidogo mno, hivyo wataalamu wa Wizara ya Kilimo wakatafuta ndugu zake katika Afrika. Maytenus buchananii wa Shimba ulionekana kuwa na kiasi kikubwa zaidi, na ndipo ukataji ulipoanza.

Hapa ripoti za uhifadhi ndizo zinazotusimulia. Mti huo unaota katika nchi nyingi, lakini mzigo wote ulichukuliwa kutoka ndani ya hifadhi moja. Miaka minne baadaye, walipotaka mzigo wa pili, wakusanyaji walihangaika kuupata, kwa maana machipukizi yalikuwa machache na yaliota polepole. Mtaalamu wa mimea anaposema hivyo kwa lugha yake ya upole, maana yake ni kwamba mti ulikaribia kuisha pale. Katika vitabu vya uhifadhi vilivyoandikwa baadaye, Shimba imekuwa mfano unaotajwa kila mara juu ya hatari ya kuitegemea dawa ya porini. Mfano huo unatajwa Ulaya na Marekani. Pale Kwale penyewe ni wachache wanaousikia.

Lipo pia suala la Wadigo. Vijiji vyao vimeizunguka milima hiyo, na makaya yao, maskani matakatifu ya mababu, ambayo baadhi yaliingizwa pamoja na makaya mengine ya Mijikenda katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, yamehifadhi misitu ambayo bila wazee wa kaya isingebaki. Watetezi wa haki za jamii wameandika kwamba Wadigo waliutumia mti huo kutibu maradhi yanayofanana na saratani tangu zamani, na kwamba shehena iliondoka bila idhini yao wala kutajwa kwa elimu yao. Naona inafaa kupambanua. Njia iliyowafikisha wanasayansi kwenye maitansini ilipita Ethiopia, katika ukusanyaji usiomuuliza mtu mti upi ni dawa ya nini, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Kupchan alisikia kwa mganga wa Kidigo. Lakini malighafi ilitoka katika ardhi yao, kwa wingi uliouchosha msitu, na katika hilo hakuna utata wowote. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mchukuaji aulize. Mkataba wa Bayoanuwai ulikuja mwaka 1992, Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida ikapitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014.

Majaribio kwa wagonjwa yalianza katikati ya miaka ya 1970, Kupchan akiwa bado hai, na yaliendelea baada ya kifo chake mwaka 1976. Mamia ya wagonjwa wenye saratani za aina nyingi walipewa maitansini kupitia mshipa. Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Walitapika, wakaharisha, wakaishiwa nguvu, wengine wakafa ganzi mikononi na miguuni, kwa sababu neva ndefu za mwili zinategemea mikrotubuli zile zile. Uvimbe uliopungua ulikuwa mmoja mmoja. Tatizo halikuwa udhaifu wa dawa bali ukali wake: ilikuwa na nguvu mara mia na zaidi kuliko vinkristini, dawa iliyotoka katika ua la Madagaska na iliyokuwa tayari inatumika hospitalini, na haikujua kutofautisha seli ya saratani na seli ya neva. Kufikia mapema miaka ya 1980 maitansini iliachwa. Kilo 27,215 za Shimba hazikuwa zimemponya mtu.

Kabla haijaachwa, Wajapani walikuwa wamegundua jambo lililobadilisha hesabu. Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Takeda walitangaza kwamba bakteria waliyempata kwenye nyasi za jamii ya ndago anatengeneza vitu vinavyokaribiana mno na maitansini, wakaviita ansamitosini. Bakteria hulimwa katika mapipa; hawahitaji panga wala msitu. Baadaye uchunguzi wa mimea ya Putterlickia ya Afrika Kusini, ambayo nayo ina maitansini, ulionyesha kwamba watengenezaji ni bakteria wanaoishi kwenye mizizi. Hivyo yawezekana kabisa kwamba hata Shimba mti ulikuwa mwenyeji tu, na fundi alikuwa mdudu asiyeonekana kwa macho. Nikikumbuka wingi wa miti iliyokatwa, ugunduzi huo unauma.

Sasa inabidi tuhame kidogo, twende upande wa kinga ya mwili, kwa maana wakati maitansini inashindwa hospitalini, elimu itakayoirudisha ilikuwa inazaliwa kwingine bila mtu kuona uhusiano.

Wazo la kuichochea kinga ili ipigane na saratani ni la zamani. Mwaka 1891 daktari wa New York, William Coley, alianza kuwachoma wagonjwa wake bakteria ili kuamsha homa, baada ya kusoma juu ya mgonjwa ambaye uvimbe wake ulipotea alipopata maambukizi makali ya ngozi. Mwaka 1976, miaka ile ile ya Shimba, Alvaro Morales wa Kanada alieleza jinsi alivyotia BCG, chanjo ile ile ya kifua kikuu wanayopewa watoto wetu wachanga, ndani ya kibofu chenye saratani, na kinga iliyoamshwa ikauzuia uvimbe kurudi. Tiba hiyo inatumika hadi leo. Lakini hakuna aliyejua vizuri ni nani ndani ya mwili anayepokea taarifa ya kwanza na kuipeleka kwa wapiganaji.

Jibu lilikuwa limeanza kupatikana mwaka 1973. Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, walipokuwa wakichunguza wengu wa panya, waliona seli chache zenye matawi marefu zisizofanana na nyingine. Wakaziita seli za dendriti. Kwa miaka mingi wenzao hawakuzijali. Ilichukua muda kuthibitisha kwamba hizo ndizo walimu wa kinga: zinameza vipande vya adui, zinasafiri mpaka kwenye tezi za limfu, na huko zinazionyesha seli T, wale wapiganaji, vipande hivyo ili zijue nani wa kumuua. Seli ya dendriti isipoamshwa inabaki na vipande vyake bila kufundisha mtu, na uvimbe wa saratani ni hodari wa kuziacha zimelala. Steinman mwenyewe alipata saratani ya kongosho na akajaribu chanjo zilizotengenezwa kwa seli zake za dendriti. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011, siku tatu kabla ya kutangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli. Kamati iliamua tuzo ibaki yake.

Huku nyuma, maitansini ilipata njia ya kurudi. Kampuni ya ImmunoGen ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1981, ilikuwa na wazo la kuifunga sumu kali kwenye kingamwili, ile protini inayojua kumtambua adui mmoja tu, ili sumu isitawanyike mwilini. Sumu za kawaida hazikutosha, kwa sababu kingamwili moja hubeba molekuli chache. Ilihitajika sumu ambayo chembe zake chache zinaua. Ule ukali uliowashinda madaktari wa 1980 ukawa ndio sifa. Mwaka 1992 Ravi Chari na wenzake walitoa taarifa ya maitansini iliyorekebishwa ili iweze kufungwa, wakianzia kwenye ansamitosini ya bakteria. Mojawapo ya jamii hiyo ilikuja kuitwa DM1.

Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha Herceptin ya kampuni ya Genentech, kingamwili inayoshika HER2, protini iliyojaa kupita kiasi juu ya seli za saratani ya matiti kwa takribani mgonjwa mmoja katika kila watano au sita. DM1 ikafungwa kwenye Herceptin, wastani wa molekuli tatu na nusu kwa kila kingamwili. Katika jaribio lililotangazwa 2012, wagonjwa 991 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa waligawanywa: muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 30.9 kwa waliopata dawa mpya, na 25.1 kwa wengine. Tarehe 22 Februari 2013 ikaidhinishwa kwa jina la Kadcyla. Mwisho wa 2018 jaribio la pili, lenye wagonjwa 1,486 waliobaki na mabaki ya saratani baada ya tiba ya kwanza na upasuaji, lilionyesha kwamba iliipunguza kwa nusu hatari ya ugonjwa kurudi au kuua, ikilinganishwa na Herceptin peke yake.

Mpaka hapo kila mtu aliamini ni sumu iliyopata mbebaji mzuri. Basi.

Kundi la Alfred Zippelius huko Basel, Uswisi, ndilo lililouliza swali jingine. Ikiwa seli ya saratani inapasuka na sumu yake inamwagika kidogo pembeni, seli za kinga zilizo jirani zinapatwa na nini? Matarajio yalikuwa kwamba zitakufa, kwa kuwa dawa za saratani zinajulikana kwa kuidhoofisha kinga. Mwaka 2014 walitoa matokeo yaliyopingana na matarajio hayo. Ansamitosini iliziamsha seli za dendriti: zikakomaa, zikameza vipande vya saratani, zikaenda kwenye tezi za limfu na kuzifundisha seli T. Na si kila dawa ya mikrotubuli iliyofanya hivyo. Jamii ya Taxol, ambayo huzikaza nyuzi badala ya kuzibomoa, haikuziamsha kwa namna hiyo. Kumbe kuporomoka kwa nyuzi ndiko kunakopiga mbiu. Mwaka 2019 walieleza mpiga mbiu ni nani: protini iitwayo GEF-H1, ambayo kwa kawaida imefungwa kwenye mikrotubuli. Nyuzi zikibomoka inafunguka na kuanzisha ishara zinazofika kwenye kiini cha seli na kuiambia ikomae.

Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika kisa hiki. Kitendo kile kile kinachoiua seli ya saratani inapotaka kugawanyika, kubomoa nyuzi, ndicho kinachoiamsha seli ya dendriti. Kupchan alikiona kitendo hicho mwaka 1975 katika mayai ya baharini. Nusu ya maana yake ilisubiri karibu miaka 40.

Mwaka 2015 kundi hilo lilikwenda mbali zaidi. Panya wenye uvimbe wa HER2 waliopewa Kadcyla pamoja na dawa zinazoondoa vizuizi vya seli T, zile zilizotokana na ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo Nobeli ya 2018, wengi wao walipona kabisa. Katika vipande vya uvimbe vya wanawake waliotibiwa kwa Kadcyla, seli T zilionekana kuingia kwa wingi zaidi kuliko kabla ya tiba.

Kwa binadamu mambo hayakwenda kirahisi hivyo, na lazima lisemwe wazi. Jaribio la KATE2, lililochapishwa 2020, liliwapa wagonjwa 202 Kadcyla, baadhi yao pamoja na dawa ya kuondoa kizuizi. Kwa jumla muda kabla ya ugonjwa kuendelea haukurefuka kwa kiasi cha kutegemewa, na madhara yaliongezeka. Wale tu ambao uvimbe wao ulikuwa na seli za kinga zenye alama ya PD-L1 ndio walioonyesha dalili ya kunufaika, jaribio jingine likaanzishwa kwa ajili yao. Na tangu 2021 dawa nyingine iliyofungwa kwenye kingamwili ile ile ya Herceptin, ikibeba kiini chenye asili ya mti wa Uchina, imeipita Kadcyla kwa wagonjwa ambao saratani yao imesambaa.

Maitansini haijaisha kwa hayo. Dawa inayobeba ndugu yake DM4 iliidhinishwa Novemba 2022 kwa saratani ya ovari, na mwaka 2024 ImmunoGen ilinunuliwa na AbbVie kwa dola bilioni 10.1. Kisheria Kwale haina dai: Itifaki ya Nagoya hairudi nyuma, na dawa ya leo hutoka kwenye mapipa ya bakteria. Lakini historia si mahakama. Kenya, ambayo tangu 2016 ina sheria ya kulinda elimu ya jadi, inaweza kuanza na jambo lisilohitaji kesi: kuhesabu miti ya Maytenus iliyobaki Shimba, kulipa kazi ya kuirudisha, na kuwaandikia watu wa Kwale kisa hiki mahali wanapoweza kukisoma.

Na kwa msomaji anayeishi karibu na mti huu, au atakayeuziwa gome lake kwa jina la dawa ya saratani: usiuchemshe, usiutafune. Maitansini iliyosafishwa na kupimwa kwa uangalifu na madaktari bingwa iliwaumiza wagonjwa bila kuwaponya, na ilifaa tu baada ya kufungwa kwenye kingamwili. Mwanamke anayegusa uvimbe kwenye titi aende hospitali wiki hiyo hiyo, kichukuliwe kinyama kikapimwe, na aulize kama saratani yake ina HER2. Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama dawa hii ni yake.